Wimbo wa babu yangu una sheria ngapi?

Wiki tatu zilizopita video yangu iliondolewa mtandaoni. Sio zile za kuchekesha mnazozijua. Hii ilikuwa ya babu yangu akipiga obokano, nimemrekodi kwa simu hapa nyumbani Masimba, jioni, mvua karibu inyeshe, na nyuma unasikia jogoo mmoja mwenye kiherehere. Kwa wale wa Nairobi ambao hawajawahi kuiona: obokano ni kinubi kikubwa cha nyuzi 8, sauti yake nzito, unaisikia kifuani kabla haijafika masikioni. Wimbo wenyewe ni wa ebisarate, zile kambi za zamani ambako vijana wa Abagusii walikuwa wakilinda ng'ombe. Babu alifunzwa na baba yake. Baba yake alifunzwa na wengine ambao majina yao hatuna.

Kwanza ilikuja notisi, ile inayotumwa na mashine, kwamba sauti hiyo ni mali ya kampuni fulani ya ng'ambo. Nikapinga. Baada ya siku kadhaa nikajibiwa kwamba wenyewe wanashikilia madai yao. Nikakata rufaa. Ndipo video ikaondolewa kabisa na chaneli yangu ikawekewa onyo. Nilienda kuutafuta huo wimbo wao. Ni midundo ya kompyuta, na katikati kuna kipande cha obokano kinachozungushwa tena na tena. Mtindo ni uleule. Nani alimrekodi nani, wapi, mwaka gani, hakuna mahali pameandikwa.

Babu nilipomweleza aliuliza swali moja tu: "Omomura, kwani hao watu walichungia ng'ombe wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na fomu. Njia iliyobaki ilikuwa kujaza fomu ya kujitetea, na ndani yake kuna sentensi niliyoisoma mara nne: kwa kuwa ninaishi nje ya Marekani, nakubali mamlaka ya mahakama ya shirikisho ya huko, mahali popote mtandao huo unapopatikana. Juu ya hiyo, nakiri kwamba nikidanganya nitahesabiwa nimekula kiapo cha uongo. Wasee, mimi hata Mombasa sijafika.

Mara ya kwanza nilifikiria vile watu wengi hufikiria: shida ni kwamba kila nchi ina sheria yake ya hakimiliki, kwa hivyo dawa ni kuziunganisha ziwe moja. Nikaanza kusoma historia nikitafuta ni nani anakataa. Kumbe hakuna anayekataa sana. Dunia imekuwa ikiziunganisha hizi sheria kwa zaidi ya miaka 130, na sisi tumekuwa ndani karibu muda wote huo. Hatukuwa tunaulizwa tu.

Turudi nyuma kidogo. Karne ya 19, kitabu kikivuka mpaka kilikuwa hakina mwenyewe. Mwandishi wa London angeuza kitabu kwake, na mchapishaji wa New York akachapa kilekile bila kulipa hata senti. Charles Dickens alizuru Marekani mwaka 1842 akalalamika waziwazi juu ya wizi huo, na magazeti ya huko yakamcheka kwamba anapenda pesa. Marekani haikuanza kulinda kazi za wageni hadi 1891. Naomba mkumbuke hiyo siku mtakaposomewa hotuba kuhusu uharamia wa Afrika. Taifa linalotufundisha hakimiliki leo lilijenga wasomaji wake kwa vitabu vya bure vya Waingereza.

Huko Ulaya waandishi walikuwa wanajipanga, Victor Hugo akiwa mbele yao, na mwaka 1886 ukatiwa saini Mkataba wa Berne, kule Uswisi. Wazo lake ni rahisi na kwa kweli ni zuri: kila nchi mwanachama imtendee mgeni kama inavyomtendea raia wake. Waliotia saini walikuwa nchi 10. Kati yao kulikuwa na Haiti na Liberia, nchi mbili za watu weusi waliojitawala, jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia. Lakini Uingereza na Ufaransa zilipotia saini zilikuja na makoloni yao mfukoni. Mkutano wa Berlin, ule wa kugawana Afrika, ulikuwa umekwisha mwaka mmoja tu kabla. Berlin waligawana ardhi, Berne wakakubaliana juu ya vitabu, na kwa mezani ni mataifa yaleyale.

Kwetu Kisii sheria hiyo ilifika kwa mlango wa himaya. Mwaka 1908 Otenyo alimchoma mkuki Northcote, mkuu wa wilaya, na Waingereza wakaja kulipiza kwa kuchoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Miaka mitatu baadaye, 1911, Bunge la London likapitisha Sheria ya Hakimiliki iliyokusudiwa kutumika katika himaya nzima. Sheria moja kutoka London hadi vilima vyetu. Kama mnataka kuona sheria iliyounganishwa vizuri, ndiyo hiyo. Mzee wa ebisarate aliyekuwa anapiga obokano miaka hiyo alikuja kuwa chini ya sheria ya hakimiliki ileile kama mtunzi wa Johannesburg au Sydney. Ila hakujua, na sheria yenyewe haikumjua. Ilitaka kazi yenye mtunzi anayejulikana. Wimbo wa ukoo mzima haukuwa na pa kuingilia.

Sasa hapa ndipo historia iliniacha mdomo wazi.

Mwaka 1939, Johannesburg, mwanamuziki wa Kizulu anaitwa Solomon Linda alirekodi wimbo unaoitwa "Mbube". Haki zake alikuja kuzitoa kwa kampuni ya kurekodi, na inasimuliwa kwamba alipata shilingi 10. Wimbo ukaenda Marekani, ukabadilishwa jina na maneno, ukawa ule wa simba aliyelala ambao kila mtu hapa anaujua, na mwaka 1994 ukaingia kwenye filamu ya The Lion King ya Disney. Linda alikuwa amekufa 1962, maskini. Binti zake waliishi Soweto bila kitu cha maana kutoka kwa wimbo huo.

Lakini ile sheria ya London ya 1911 ilikuwa na kipengele kidogo ambacho karibu kila mtu alikuwa amekisahau. Kilisema kwamba hata kama mtunzi aliuza haki zake akiwa hai, miaka 25 baada ya kifo chake haki zinarudi kwa warithi. Mawakili hukiita kipengele cha Dickens, kwa sababu kiliwekwa kuokoa familia za waandishi kama hao wa Kiingereza. Hesabu basi: 1962 kuongeza 25 ni 1987. Kisheria, katika nchi zilizokuwa chini ya sheria hiyo, wimbo ulikuwa umerudi kwa familia ya Linda miaka saba kabla filamu haijatoka. Kipengele kilichotungwa kwa ajili ya wajukuu wa Waingereza kikawa silaha ya mabinti wa Soweto.

Mwaka 2004 wakashtaki. Na tazama walivyolazimika kufanya. Disney ni kampuni ya Marekani, ungeishtakije Afrika Kusini? Wakili wao, Owen Dean, aliiomba mahakama ya Pretoria ishikilie alama za biashara za Disney zilizosajiliwa Afrika Kusini, kama vile unavyoshikilia ng'ombe wa mdeni mpaka aje mkae chini. Mahakama ikakubali. Sasa Disney ilikuwa na kitu cha kupoteza nchini humo, kwa hivyo ilibidi ijibu nchini humo. Februari 2006 pande zikaelewana na familia ikaanza kulipwa.

Nilisoma hiyo kesi saa nane usiku na nikaelewa kitu. Haki ya kina Linda ilikuwepo tangu 1987. Imeandikwa, imeunganishwa himaya nzima, hakuna aliyeipinga. Kilichokosekana ni mlango. Miaka 17 walikuwa na haki bila mahali pa kwenda kuidai, mpaka mtu mmoja akafikiria kuutengeneza mlango kwa alama za biashara.

Sisi Kenya tuna yetu ya kulia nayo pia. "Malaika" iliimbwa na Miriam Makeba, ikaimbwa na Boney M, ikazunguka dunia yote. Hapa nyumbani Fadhili William aliirekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 60 na akadai ni yake hadi kifo chake mwaka 2001. Mtunzi mwingine, Adam Salim, alisema ni yake. Grant Charo naye anatajwa. Mimi sitaamua, wakubwa wameshindwa. Ninachoona ni kwamba wimbo maarufu kuliko zote za Kiswahili ulipanda ndege kabla wenyewe hawajamaliza kukubaliana nani amebeba pasipoti.

Uhuru ulipokuja, ile sheria moja ya himaya ikakatika vipande. Kenya ikapitisha Sheria yake ya Hakimiliki mwaka 1966, na mwaka huohuo ikajiunga na mkataba mwingine uliokuwa chini ya UNESCO, ambao ulikuwa mwepesi kuliko Berne: ulitaka kazi ilindwe angalau miaka 25 baada ya kifo, wakati Berne ilitaka 50. Kwa nchi changa hiyo ilikuwa na maana. Ulikuwa na shule za kujaza na vitabu vya kutafsiri. Mwaka 1967, kule Stockholm, nchi zinazoendelea, India ikiwa mstari wa mbele, zilijaribu kuifanya Berne yenyewe iwalegezee masharti ya tafsiri na vitabu vya kufundishia. Wachapishaji wa Ulaya wakapiga kelele. Ile itifaki haikuwahi kufanya kazi. Mwaka 1971 Paris wakapata toleo jepesi lenye masharti mengi kiasi kwamba ni nchi chache zimewahi kulitumia. Nadhani hapo ndipo tulipopoteza kitu kikubwa, na hakuna wimbo wala sherehe ya kukikumbuka.

Baadaye ikawa haraka haraka. Kenya iliingia Berne mwaka 1993. Mwaka 1995 likaja Shirika la Biashara Duniani na mkataba wake wa TRIPS, ambao kwa ufupi ulisema: ukitaka kuuza majani chai yako duniani, sheria yako ya hakimiliki iwe kama Berne. Majani chai yetu haya, ya kuchumwa alfajiri na umande. Hapo ndipo hakimiliki ikawa biashara, na anayekosea anaweza kuwekewa vikwazo. Sheria tunayoitumia sasa ni ya 2001, ndiyo iliyoleta KECOBO, na inalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50.

Mtu atasema, basi tayari zimeungana. Haya, tuchukue mfano wa nyumbani. Christopher Monyoncho, yule mzee wa benga ya Kigusii ambaye nyimbo zake bado zinapigwa kwa matatu za Keroka, alifariki 2013. Kwa sheria ya Kenya, nyimbo alizotunga zinalindwa hadi mwisho wa 2063. Ulaya wana miaka 70, lakini wao huangalia nchi ya kazi, ikiwa na miaka michache wanatumia hiyo michache, kwa hivyo huko pia ni 2063. Marekani wana miaka 70 na hawajali nyumbani ni ngapi: 2083. Wimbo mmoja, mtu mmoja, tofauti ya miaka 20 kulingana na wewe umekaa Keroka au Chicago. Na hiyo ni utunzi. Rekodi yenyewe ina saa yake: kwa Kenya ni miaka 50 tangu irekodiwe, kwa hivyo kanda ya 1971 ilishakuwa huru hapa mwisho wa 2021, huku Marekani rekodi za miaka hiyo zina miongo mbele yake.

Na hata hatujatoka jirani. Kenya iko Berne tangu 1993, Tanzania tangu 1994, Uganda imeingia 2022 tu. Tanzania bara ina sheria ya 1999, Zanzibar ina yake ya 2003, nchi moja hiyo. TRIPS iliibana Kenya tangu 2000, lakini Uganda na Tanzania, kwa kuwa zimeorodheshwa kama nchi maskini zaidi, zimepewa hadi Julai 2034. Tuko kwenye Jumuiya moja, tuna Itifaki ya Soko la Pamoja ya 2010 inayoahidi ushirikiano kwenye mambo haya, na bado nikirekodi wimbo na msee wa Kampala na mwingine wa Unguja tunahitaji wakili watatu. Wa Magharibi na Kati mwa Afrika wanaozungumza Kifaransa walipatana Bangui mwaka 1977, wakawa na chombo kimoja na misingi ya pamoja. Sisi bado tunaahidiana. Mwaka 2023 Umoja wa Afrika ukapitisha itifaki ya haki hizi chini ya soko huria la bara. Nitaamini nikiiona ikifanya kazi.

Lakini ngoja, kwa sababu wimbo wa babu hauko hata kwenye hizo hesabu. Hauna mtunzi anayejulikana. Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, na kwa sheria hiyo wimbo wa ebisarate unaweza kuwa wa Abagusii kama jamii. Nzuri sana. Tatizo ni kwamba hiyo sheria inaishia Malaba na Namanga. Shirika la Umoja wa Mataifa la haki hizi, WIPO, limekuwa na kamati ya kuzungumzia mambo ya jadi tangu 2000. Mei 2024 hatimaye ukapatikana mkataba, lakini unahusu mimea, viumbe na maarifa yanayoendana navyo. Nyimbo bado ziko kwenye foleni. Kipande cha obokano kikiingizwa kwenye midundo ya kompyuta ng'ambo, kinapata mwenyewe siku hiyohiyo. Kikibaki kwa babu, hakina.

Ndiyo maana nasema nimebadilisha mawazo. Anayeniambia tuunganishe sheria, namuuliza: tuunganishe nini? Miaka ya ulinzi imeunganishwa kwa kiasi kikubwa. Adhabu pia. Hata uondoaji wa video umeunganishwa, bila Bunge lolote la Afrika kupiga kura. Marekani ilipitisha sheria yake ya dijitali mwaka 1998, mitandao mikubwa ikajengwa juu yake, na leo kijana wa Masimba, wa Manila na wa Lima wote wanajaza fomu moja. Ni kama 1911 tena, safari hii bila gavana.

Sheria yetu wenyewe ilirekebishwa 2019 ikaweka utaratibu wa notisi: mtoa huduma apewe taarifa, aondoe kazi ndani ya saa 48 za kazi isipokuwa mhusika apinge, na anayetoa notisi ya uongo anaadhibiwa. Hicho kipande cha mwisho nakipenda sana. Lakini jaribu kukitumia dhidi ya kampuni ambayo haina hata kibanda Kenya, wala alama za biashara za kushikilia kama Owen Dean alivyofanya.

Najua mtaniambia mataifa hayawezi kukubaliana juu ya kitu kinachomsaidia mtu mdogo. Walishakubaliana. Mwaka 2013, Marrakesh, walitia saini mkataba wa kuwaruhusu wasioona kupata vitabu vya nukta nundu na vya sauti, na vitabu hivyo vivuke mipaka bila kumwomba mchapishaji. Kenya iliingia 2017. Huo ni muungano wa sheria pia, tofauti ni kwamba ulianza na mtu anayehitaji kitabu badala ya mtu anayekiuza. Ningetaka wa namna hiyo kwa mlango wa kulalamika: kampuni ikidai wimbo wangu nikiwa Kenya, ikubali kujibu Kenya, Nairobi au hata Kisii mjini, kwa Kiswahili. Wao wanataka mimi nikubali mahakama yao kwa kubonyeza kitufe. Wabonyeze na wao.

Fomu niliijaza Jumatano usiku, baada ya kumsomea babu sentensi ile kwa Ekegusii mara mbili. Aliitikia kwa kichwa, akasema kama ni mahakama basi tutaenda na obokano, jaji asikie. Baada ya kupokea fomu, mlalamikaji ana siku 10 hadi 14 za kazi kwenda mahakamani, asipoenda video inarudi. Leo ni siku ya saba. Kila jioni mzee anaegemea mlango wangu akiuliza kama wameshajibu, na nikisema bado anarudi nje kukaza nyuzi.